Uliulizaje?

Ilikuwa Jumatano, wiki ya tatu ya mafunzo. Mwenzetu mmoja, ambaye ametukubalia tuandike haya mradi jina lake lisitajwe, alikuwa ameketi katika chumba kidogo cha kliniki moja katikati ya Johannesburg, fomu mapajani, akimhoji mama mmoja kwa Kiswahili. Mama amempakata mtoto wa miaka miwili hivi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Shikamoo imetolewa, marahaba imeitikiwa, habari za nyumbani zimeulizwa mpaka zikaisha, maana mama alikuwa mtu wa Kigoma na salamu zake hazikatizwi. Kisha umri wa mtoto, kadi ya chanjo, mtaa wanaokaa, kreshi anayopelekwa asubuhi. Pembeni alikaa msimamizi wa mwenzetu, mama wa makamo, Mzulu, muuguzi wa miaka mingi, ambaye Kiswahili chake chote ni "jambo" na "asante".

Mwenzetu akauliza, "Mtoto ana homa?"

"Hapana, mwanangu. Hana."

Akatia alama kwenye kisanduku cha hapana, akawa anageuza ukurasa. Msimamizi akainua mkono. Akamwonyesha mtoto, ambaye makamasi yalikuwa yameshafika mdomoni, halafu akamwonyesha ile alama. Akamwuliza kwa Kiingereza: hapo swali ni la nini? Mwenzetu akajibu kwamba ni la mafua, na mama amesema mtoto hana. Msimamizi hakumgombeza. Alimwuliza neno moja tu ambalo sasa klabu nzima tunaliimba: uliulizaje?

Wewe uliyekulia kwa wazazi wa Tanzania umeshacheka. Mwenzetu amezaliwa hapa hapa Johannesburg, wazazi wake ni Wakenya, na kwao mtu akipiga chafya mara mbili ana homa. "Mafua" ni neno aliloliona vitabuni. Kwa mama wa Kigoma homa ni mwili kuchemka, na mwili wa mwanawe ulikuwa baridi kabisa. Mama alisema kweli. Mwenzetu naye aliandika alichoambiwa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, tafsiri ilifanyika kichwani mwake, na hakuna aliyewahi kuingia humo kichwani kuikagua. Kwa wiki tatu alikuwa amejaza fomu 31, na zote alizijaza hivyo. (Swali la homa yenyewe alikuwa akiliuliza kwa kusema "joto jingi mwilini", kwa hiyo hilo lilipona.)

Muhula huu watu saba wa klabu yetu walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo: wauguzi, wanaosomea afya ya mazingira, mmoja wa afya ya jamii. Hata jina la jambo lenyewe hatukubaliani. Wenye asili ya Tanzania wanasema wako fildi, wa Kenya wako atachimenti, wa Kongo wako staji. Tulipokaa kuwasikiliza tulitegemea hadithi za damu na za wagonjwa wakorofi. Tulichokipata ni hadithi za wasimamizi, karibu zote: yule aliyekuwepo, yule aliyetia sahihi bila kusoma, na yule ambaye alionekana siku ya kwanza na siku ya mwisho, kama mwezi wa Ramadhani unavyotafutwa.

Johannesburg si mahali padogo katika kazi hii. Sandringham, kaskazini mashariki mwa jiji, ndipo ilipo Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, na hapo ndipo penye programu ya kuwafunza wachunguzi wa milipuko ya magonjwa, iliyoanza mwaka 2006. Dada zake wako kwetu kule: ya Kenya ilianza 2004, ya Tanzania 2008, ya Uganda 2015. Zote zina babu mmoja, programu aliyoianzisha Alexander Langmuir huko Marekani mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, watu walipohofu kwamba maradhi yatatumiwa kama silaha. Wazo lake lilikuwa rahisi: mchunguzi hafunzwi darasani. Mwanagenzi wa ngazi ya juu hukaa miaka miwili, na takriban robo tatu ya muda huo yuko kazini, kwenye mlipuko wa kweli, wagonjwa wa kweli, na mtu mzima wa kazi aliyepewa jukumu la kumwangalia. Kosa lake si alama nyekundu kwenye karatasi ya mtihani. Linaingia kwenye hesabu ya nchi.

Kwa nini swali moja liwe na uzito wote huo? Turudi 2017. Mwezi wa Julai madaktari wa wodi za watoto wachanga katika hospitali za Chris Hani Baragwanath, Soweto, na Steve Biko, Pretoria, waliitaarifu taasisi ile kwamba wanaona watoto wengi mno wenye ugonjwa wa listeriosisi. Unaletwa na bakteria anayekaa kwenye chakula na asiyeogopa baridi ya friji. Tarehe 5 Desemba serikali ikatangaza mlipuko. Sasa tafuta chakula chenyewe. Bakteria huyu anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla mtu hajaugua sawasawa. Jaribu mwenyewe kukumbuka ulichokula wiki nane zilizopita. Halafu mwulize swali hilo mama aliyefiwa na mtoto mchanga, na sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto wachanga.

Wagonjwa 109 walihojiwa kwa undani. Kati yao 93 walisema walikula nyama za kusindika ambazo haziitaji kupikwa, na iliyotajwa zaidi ni poloni. Poloni, jamani! Ile ya waridi, rahisi, iliyomo ndani ya kila kota linalouzwa Soweto na Alexandra, iliyomo kwenye mkate wa kila mtoto wa shule. Hojaji ziliinua kidole, lakini kidole si ushahidi. Ushahidi ulikuja Januari 2018. Watoto tisa wa kreshi moja ya Soweto, wote chini ya miaka mitano, walifikishwa Baragwanath na homa na kuhara. Daktari wa watoto akahisi ni chakula, akatoa taarifa. Maafisa wa afya ya mazingira wakaenda kreshi, wakafungua friji, wakachukua poloni za kampuni mbili tofauti. Bakteria wakapatikana kwenye kinyesi cha mtoto mmoja na kwenye poloni zote mbili. Njia hiyo ikawafikisha kwenye kiwanda cha Enterprise huko Polokwane, na tarehe 4 Machi waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza chanzo. Mlipuko ulipofungwa Septemba 2018 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 1,060 na vifo 216. Shirika la Afya Duniani lilisema ni mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo iliyowahi kurekodiwa.

Ukiisoma habari hiyo kama mwanagenzi unaona ushujaa: friji limefunguliwa, kiwanda kimepatikana. Ukiisoma kama msimamizi unaona kitu kingine. Unaona hojaji 109, na nyuma ya kila moja mtu aliyekaa kwenye kiti akauliza "ulikula nini?" kwa lugha fulani. Kama nusu yao wangeuliza "ulikula nyama?" tu, poloni isingetajwa, kwa sababu nyumba nyingi haziiti poloni nyama. Poloni ni poloni.

Ndiyo maana tulifanya zoezi klabuni. Tuliwapa wenzetu kisa cha kubuni: watoto wa kreshi wamekula mchana, daftari la mwalimu linasema 13:00. Mama anasema kwa Kiswahili kwamba mwanawe alianza kutapika saa tisa. Andika saa ya kuanza kwa ugonjwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Sita waliandika 15:00. Watano waliandika 21:00, na hao si wajinga. Wawili ni wa nyumba za Lubumbashi, ambako saa walifundishwa kuihesabu kama Wafaransa, na watatu wamekulia hapa, Kiswahili cha jikoni na saa ya shuleni. Sasa piga hesabu. Kutapika saa mbili baada ya chakula kunamfanya mchunguzi afikirie sumu ya stafilokokasi, iliyotengenezwa tayari ndani ya chakula, ambayo huanza kati ya nusu saa na saa nane. Kikiwa saa nane, huko ni mwisho kabisa wa stafilokokasi, na salmonela, ambayo huanza kuanzia saa sita, imeshaingia mlangoni. Mpishi wa mchana anaachwa, anatafutwa muuza mayai. Yote kwa sababu ya saa tisa.

Hapo ndipo swali letu kubwa lilipo, na hatujaliona likijadiliwa kwenye miongozo ya mafunzo tuliyopewa: msimamizi atamsimamiaje mtu anayefanya kazi kwa lugha asiyoijua yeye? Katika jiji hili si jambo la pembeni. Yeoville, Hillbrow, Berea, Rosettenville, kila siku kuna mgonjwa anayeongea Kiswahili na mhudumu asiyekijua. Mwanagenzi anayekijua anaonekana kama zawadi kutoka mbinguni. Anapewa foleni nzima. Kisha anaachwa peke yake, kwa sababu kila mtu anadhani anayejua lugha hahitaji kuangaliwa.

Mwenzetu mwingine, wa uuguzi, wa nyumba ya Bukavu, alikuwa akiitwa kutoka wodi yake mara mbili au tatu kwa siku aende kutafsiri wodi nyingine. Hospitali hatuitaji. Siku moja akaitwa mbio. Alipofika, daktari akamwambia kwa Kiingereza, amwambie yule dada kitandani kwamba mtoto tumboni hana mapigo ya moyo. Yeye ana miaka ishirini. Alijua kila neno la sentensi ile kwa Kiswahili. Alisema. Dada yule akamshika mkono akamwuliza, "Wewe umesikia? Umesikia mwenyewe?" Alimdhania mwenzetu ndiye aliyempima. Msimamizi wake alikuja kujua saa ya kwenda nyumbani, alipomkuta stoo ya mashuka.

Tunamsifu msimamizi huyo kwa alichofanya kesho yake. Hakumpa mwanagenzi pole na chai peke yake. Alikwenda kwa mkuu wa wodi ile akamwambia kwamba mwanafunzi wake hayupo pale kama mkalimani, na kama dharura itazuka, aitwe yeye kwanza, watakwenda wawili. Kuanzia hapo walikwenda wawili. Anasimama nyuma, haelewi neno, lakini anaangalia nyuso, na wakitoka anamwuliza: alisema nini, ukasema nini, wewe ukoje.

Tusiwaonee wasimamizi lakini. Karibu wote wana kazi yao nyingine, na usimamizi umebandikwa juu yake. Chukua afisa wa afya ya mazingira wa jiji. Kanuni ya Afrika Kusini inataka awepo mmoja kwa kila watu 10,000, na idadi hiyo haifikiwi. Huyo huyo anakagua kreshi, machinjio, hoteli na maduka ya spaza, na asubuhi anakuta wanagenzi wawili mlangoni wenye fomu za kusainiwa. Mwishoni mwa 2024 tulishuhudia hali hiyo ilipofika shingoni. Tarehe 6 Oktoba watoto sita walifariki Naledi, Soweto. Uchunguzi ukaonyesha sumu ya terbufosi, dawa ya wadudu ya mashambani ambayo mitaani inauzwa kuulia panya. Novemba 15 Rais Ramaphosa akaagiza maduka yote ya spaza yajisajili ndani ya siku 21, na ukaguzi ukatangazwa nchi nzima.

Mwenzetu wa afya ya mazingira alikuwa kwenye timu moja ya ukaguzi wakati huo. Duka moja lilikuwa la kijana wa Kisomali aliyekulia Garissa. Kiingereza chake kidogo, Kizulu cha kuuzia mkate, Kiswahili kama maji. Afisa aliuliza kwa Kiingereza kama dukani kuna sumu ya panya. Kijana akasema hakuna. Mwenzetu akaomba ruhusa aulize kwa Kiswahili, na badala ya kutaja sumu akauliza: "Ndugu, panya wakikusumbua usiku unafanyaje?" Kijana akacheka, akaenda nyuma akaleta kikopo kilichokaa rafu moja na unga. Kwake ile ilikuwa "dawa", na neno sumu lilikuwa tuhuma ya kuua watoto wa watu. Jambo tulilolipenda zaidi ni kwamba afisa hakuishia kuchukua kikopo. Mle garini alimwambia mwenzetu arudie lile swali kwa Kiingereza, neno kwa neno, akaliandika kwenye daftari lake, na duka lililofuata akaliuliza hivyo yeye mwenyewe.

Hofu nayo lazima itajwe. Mwaka 2025 watu wa Operation Dudula walisimama kwenye milango ya kliniki kadhaa za jiji hili wakidai vitambulisho, mpaka Novemba Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipowakataza. Mama aliyepita mlango kama ule hawezi kumwamini kijana mwenye fomu anayemwuliza jina, mtaa na nambari ya simu. Wenzetu wengine walikuwa wakiruka maswali hayo kwa huruma, na fomu zikawa hazina pa kurudia. Msimamizi mmoja aliona nafasi zilizoachwa wazi na hakudai zijazwe. Aliwafundisha kuanza kwa kusema fomu inakwenda wapi, nani ataiona, na kwamba mama anaweza kukataa na mtoto atatibiwa vile vile. Waliokubali waliongezeka, ingawa hatuna hesabu ya kuwaonyesha.

Baada ya ile Jumatano ya homa, klabu imeanza kazi ndogo kila Alhamisi jioni. Mwanagenzi analeta maswali yake. Tunamkalisha na watu watatu wa nyumba tatu, ya Kenya, ya Tanzania na ya Kongo. Anawasomea kwa sauti, nao bila kuiona fomu wanasema kwa Kiingereza walichosikia. Msimamizi, akipenda kuja, anashika fomu ya asili na kulinganisha. Hahitaji kujua Kiswahili hata chembe. Wasimamizi wawili wamekuja mpaka sasa, na yule mama wa Kizulu amekuja mara nne. Kwa kazi hiyo tumepata daftari la maneno ambalo limegeuka kuwa ugomvi mtamu: dagaa, omena na ndakala kwenye mstari mmoja, ingawa watu wa Kivu wanadai sambaza iwe na mstari wake, kisamvu na sombe, ugali na bukari, na kando yake pap, maana watoto wetu wa hapa ndilo wanalolijua. Homa na mafua tumezipa ukurasa mzima.

Kuhusu fomu 31: msimamizi hakuzichana na hakumwambia mwenzetu azirekebishe kwa kukisia. Alipiga mstari kwenye lile swali katika kila fomu, akaandika tarehe na sababu, akatia sahihi yake yeye, si ya mwanagenzi. Kisha akamkalisha mwenzetu pembeni yake na simu, Jumatatu na Jumanne, apige nambari moja moja. Nyingi zilikuwa zimezimwa au zimepata mwenyewe mwingine. Mama mmoja alikata aliposikia neno kliniki. Mwingine aliuliza, "Wewe ni nani, na umetumwa na nani?" na mwenzetu akaanza upya, salamu, jina, fomu inakwenda wapi. Walipatikana kumi na wawili.

Safari hii aliuliza kama mtoto alikuwa akitokwa na makamasi, akipiga chafya, pua imeziba. Saba walisema ndiyo. Kwenye fomu zao zote saba ilikuwa imeandikwa hapana.